Upinde wa Mpera: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Natengeneza pinde hapa Tabora mjini, upande wa Isevya, na kwa miaka kadhaa sasa mti ninaoutumia zaidi ni mpera. Ndiyo, mpera huu huu wa uani, unaopandwa na watoto mchana na kuvamiwa na popo usiku. Mtu akiuona upinde umening'inia ukutani anauliza ni mti gani, nikimjibu anacheka, kisha akiushika maswali hayaishi. Nimeyakusanya hapa. Pale ninapojua watu wengi wanakwama nimejibu kwa kirefu, na pale pasipo na mengi nimepita haraka.

Kwa nini mpera, miti yote hii?

Kwa sababu una mambo mawili ambayo upinde hauwezi kuyakosa: nyuzi zake ni ndefu na zimeshikana, na unapopindwa unarudi. Kila mtoto wa Kitanzania aliyewahi kutengeneza manati anajua panda ya mpera haivunjiki ovyo. Mafundi wa mipini nao wanajua. Mpini wa nyundo wa mpera unapokea mshtuko mwaka baada ya mwaka bila kupasuka. Mimi nilichofanya ni kujiuliza: mti unaovumilia vishindo vya nyundo, kwa nini usivumilie mvuto wa upinde?

Kuna sababu ya tatu, na hii niliigundua kisu kikiwa mkononi. Gome la mpera ni jembamba mno, linabanduka lenyewe kwa vipande vya rangi ya shaba. Chini yake mti ni laini kama umepigwa msasa. Ule uso ndio mgongo wa upinde wako, yaani upande utakaotazama shabaha. Hauhitaji kuuchonga, na kama nitakavyoeleza mbele, mgongo usiochongwa ni nusu ya usalama wa upinde.

Wazee hawakutumia mpera. Kwa nini tusifuate walichofanya wao?

Wazee walitumia kilichokuwa karibu nao na kilichofaa. Mti ninaousikia zaidi vinywani mwao ni mkole, na kwa kweli mkole ni mti mzuri sana wa upinde. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao upinde kwao ni chombo cha kila siku, nao hutumia mikole pamoja na miti ya jamii ya Dombeya. Na sungusungu walipoanza kulinda ng'ombe na vijiji katika ukanda wa Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, upinde na mshale ndiyo vilikuwa silaha yao. Sina neno baya la kusema juu ya pinde zile.

Lakini mpera si mti wa asili yetu. Umetoka Amerika ya kitropiki, ukaota kwenye nyua zetu hadi tukausahau ugeni wake. Mzee aliyekulia katikati ya miombo, mkole ukiwa hatua chache kutoka mlangoni, asingekuwa na sababu ya kuuangalia. Leo mimi niko mjini. Msitu umerudi nyuma, kuni za kukaushia tumbaku zimekula sehemu kubwa ya miti mkoani mwetu, na kuufuata mkole nililazimika kupanda pikipiki hadi huko Sikonge. Mpera uko kwa jirani.

Je, upinde bora si ule wa miti ya Ulaya?

Swali hili huulizwa na vijana waliotazama video. Ni kweli Ulaya kuna mti uitwao kisayansi Taxus baccata wenye sifa kubwa. Meli ya vita ya Kiingereza Mary Rose ilizama mwaka 1545, na ilipoinuliwa kutoka baharini mwaka 1982 ndani yake zilipatikana pinde zaidi ya 130 za mti huo. Yule mtu wa kale aliyegandishwa na barafu milimani, Ötzi, aliyepatikana mwaka 1991, alikuwa na upinde wa mti huo huo ambao hakuwa ameumaliza kuchonga.

Sasa angalia upande wa pili. Pinde za kale zaidi kuliko hizo zote mbili, zilizotoka kwenye matope ya Holmegaard nchini Denmark, zina umri wa takriban miaka 9,000, na zilichongwa kwa mti wa jamii ya Ulmus, mti ambao ukizungumza pinde leo wengi hawautaji kwanza. Wale watu walichukua mti waliokuwa nao, wakaupa umbo linaloufaa: mikono, yaani zile sehemu mbili zinazopinda, mipana na iliyo bapa. Hilo ndilo ninalowasisitizia wanaokuja kujifunza. Usiulize kwanza mti gani ni bora. Uliza mti huu ulio nao unataka umbo gani.

Nitaupataje mpera unaofaa? Yote ninayoiona imepinda.

Hapo ndipo penye kazi. Shina kuu la mpera mara nyingi limejikunja, lina matawi chini chini, na mafundo kila shibiri. Usihangaike nalo. Tafuta mpera uliowahi kukatwa. Kisiki cha mpera hutoa machipukizi mengi, na kwa kuwa yanashindana kutafuta jua, yanakwenda juu yamenyooka. Chipukizi lenye unene wa sentimita 6 hadi 8 na urefu wa zaidi ya mita 1.7 lisilo na matawi katikati ndilo unalolitaka.

Kagua kama nyuzi zimejisokota. Kwenye miti mingine utaona nyufa za gome zikizunguka shina, lakini gome la mpera halisemi kitu. Kata tawi moja dogo la mti huo huo, lipasue kwa kisu kwa urefu. Likipasuka limenyooka, furahi. Likipasuka huku likizunguka kama kamba, uache mti huo utoe matunda.

Na omba. Mpera wa uani una mwenyewe. Chipukizi langu la kwanza zuri lilikuwa kwa bibi mmoja jirani, lilikuwa limeegemea paa lake na kusugua bati upepo ukivuma. Nilikwenda jioni, nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, upinde wa kumpiga nani?" Nikamwambia wa kulenga shabaha tu. Akalitazama lile chipukizi muda mrefu, akasema nikate, ila nisiguse lile la upande wa jikoni kwa sababu ndilo lenye mapera mekundu ndani. Nikalikata lile la paa, na nikampigilia na bati lake lililokuwa limelegea.

Nahitaji kibali?

Mpera wa uani kwako au kwa jirani aliyekubali ni jambo la makubaliano yenu wawili. Mti wa msituni ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa kuvuna miti katika hifadhi za misitu, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndio wanaosimamia hifadhi za serikali kuu. Ukitaka mkole au mti mwingine wa porini, anzia ofisi ya misitu ya wilaya yako kabla hujabeba panga.

Nikate mwezi gani?

Juni au Julai. Mvua za Tabora huisha karibu na mwisho wa Aprili, na kufikia Juni mti una maji kidogo na hewa ni kavu. Ukikata Januari gome litabanduka kwa urahisi zaidi, hilo nakubali, lakini ukungu na wadudu watobozi watafika kwenye mti wako kabla haujaanza kukauka.

Nikaushe vipi? Wangu ulipasuka wote.

Hata wangu wa kwanza. Niliukata, nikaumenya, nikauweka juu ya bati ili jua la Agosti linisaidie. Wiki ya tatu nilipoushusha ulikuwa na ufa ulioanzia kichwani ukazunguka hadi katikati, mpana kiasi cha kuingiza ukucha. Mpera unasinyaa sana unapokauka, na nje ikikauka kabla ya ndani lazima ipasuke. Kwa hiyo kazi yote ya kukausha ni kuuchelewesha.

Siku ile ile ya kukata, yeyusha nta ya nyuki na upake vichwa vyote viwili, si juu tu bali uteremke sentimita 5 pembeni. Maji ya mti hukimbia haraka zaidi kupitia vichwani, na nta inafunga mlango huo. Hapa Tabora hatuna kisingizio cha kukosa nta. Ukikwama kabisa, rangi ya mafuta tabaka mbili itafanya. Paka nta pia kila ulipokata kitawi.

Acha gome lake. Weka mti ndani ya nyumba, kivulini, usiguse sakafu, maana mchwa wa Tabora hawahitaji mwaliko. Mimi naulaza juu ya uchaga jikoni, mbali na moto lakini moshi ukiufikia, na wadudu hawausogelei.

Baada ya mwezi mmoja uchonge umbo la awali: tumbo, yaani upande utakaokutazama ukivuta, liwe bapa, mikono iwe minene mara mbili ya inavyotakiwa. Mti mwembamba hukauka sawasawa kuliko mti mzima wa duara. Kisha ufunge kwa kamba za mpira wa tyubu kwenye ubao ulionyooka, usije ukajipinda, urudishe uchagani.

Utajuaje umekauka? Usiugonge na kusikiliza, usiunuse. Upime. Mimi naupeleka dukani kila Jumamosi, mwenye duka ananiwekea kwenye mizani yake ya sukari, naandika daftarini. Upinde ninaoutumia sasa ulianza na gramu 1,480 baada ya kuchongwa umbo la awali. Wiki ya tatu gramu 1,210. Wiki ya sita 1,060. Wiki ya tisa 1,030, ya kumi 1,030, ya kumi na moja 1,030. Uzito ukigoma kushuka kwa wiki mbili au tatu, mti umelingana na hewa ya mahali ulipo. Hapo ndipo unaweza kuupinda. Mti mbichi ukipindwa haurudi, unabaki umekunjama, na kosa hilo halina dawa baadaye.

Nahitaji vifaa gani?

Panga kali au tezo, tupa yenye meno makubwa na nyingine yenye meno madogo, kisu, msasa, penseli, futikamba. Kipande cha kioo kilichovunjika kinakwangua mti vizuri kuliko msasa, ila funga upande wa mkono kwa kitambaa kinene. Randa ya umeme usiilete kabisa, itakula milimita tatu wakati unafikiria moja.

Vipimo?

Hivi ni vya upinde wa mtu mzima anayevuta mshale sentimita 66, ambao nimeurudia mara nyingi ukakubali:

Urefu wote sentimita 165. Mshikio katikati sentimita 10 kwa urefu, upana 2.8, unene 3.5, na haupindi. Kutoka mshikioni mkono unapanuka taratibu kufikia sentimita 4, unabaki hivyo hadi nusu yake, kisha unapungua kwa mstari ulionyooka hadi sentimita 1.2 nchani. Unene wa mikono uanze na sentimita 2, utaupunguza wakati wa kusawazisha.

Ukitaka upinde wa mtu mwingine, chukua urefu wa mvuto wake, zidisha kwa mbili, ongeza mshikio na sentimita 20 hivi za usalama. Upinde mfupi unarusha vizuri na kuvunjika vizuri. Anza na mrefu.

Mgongo ni upi na tumbo ni lipi? Kila mtu anasema tofauti.

Mgongo ni upande unaotazama shabaha. Tumbo ni upande unaokutazama wewe. Ukivuta, nyuzi za mgongo zinanyooshwa na nyuzi za tumbo zinabanwa. Mti uliokatwa nyuzi mgongoni utaanza kuchanika pale pale zilipokatwa, kama nguo iliyochanwa pindo.

Kwa hiyo mgongo wa upinde wa mpera ni ule uso uliokuwa chini ya gome, na hauguswi kwa chombo chenye makali. Bandua gome kwa ukucha, kwa ncha ya kijiko, kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kama limegoma. Kuchonga kote ni upande wa tumbo na pembeni. Penye fundo mgongoni, liache lisimame kama kilima kidogo, na pembeni yake ongeza upana ili nyuzi zipate njia ya kulizunguka.

Kama kisu kimekuponyoka ukaukata mgongo, upinde haujafa. Chukua ngozi mbichi ya mbuzi, iloweke ilainike, ikwangue manyoya, uibandike mgongo mzima kwa gundi ya mbao na kuifunga kwa vitambaa hadi ikauke. Itashika.

Kusawazisha mpindo ndiyo kufanya nini hasa?

Hii ndiyo kazi yenyewe. Yote yaliyotangulia ni useremala tu.

Kusawazisha ni kupunguza tumbo la kila mkono hadi mikono yote miwili ipinde sawa, na kila mkono upinde kwa urefu wake wote, bila sehemu moja kubeba mzigo wa jirani yake. Kabla ya kuanza ni lazima ujue hesabu moja. Upana wa mti ukipungua kwa nusu, nguvu inapungua kwa nusu. Lakini unene ukipungua kwa nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Unene unahesabiwa mara tatu: nusu ya nusu ya nusu. Mkono wenye unene wa milimita 15 ukiuondolea milimita moja tu, umepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Ndiyo maana siku za mwisho nakwangua kwa kioo, unga unadondoka kama wa sembe, na hapo hapo nasimama na kupima.

Mimi nimepigilia mbao ya mbili kwa nne ukutani, imesimama. Juu ina pengo la kulaza mshikio, na pembeni nimechora alama kila sentimita 5. Chini kuna kapi. Kamba ndefu iliyofungwa nchani mwa upinde inapita kwenye kapi, nami nakaa kwenye kigoda mita tatu mbali, navuta na kutazama. Ukutani nyuma yake nimechora mistari ya chaki ya kulala, ili jicho lione ncha ipi imeshuka zaidi.

Anza kidogo. Vuta sentimita 10, achia, mara 20 au 30. Tazama. Penye mpindo wa ghafla ni pembamba, usipaguse tena. Palipobaki pamenyooka kama rula ni panene, paweke alama ya penseli. Shusha, kwangua penye alama mara kumi, rudisha, vuta tena mara 20, kwa sababu mti unachelewa kuonyesha ulichoufanyia. Ukiona kasoro usivute zaidi ya pale ulipoiona hadi uwe umeirekebisha. Na usiuvute hata mara moja kupita uzito unaoutaka mwishoni, yaani nguvu ya kuuvuta hadi mwisho, inayopimwa kwa kilo. Kama unataka kilo 16, basi mizani ya kulabu iliyofungwa kwenye kamba isisome 17 siku yoyote ile, hata kama mvuto ni mfupi.

Upinde wangu wa pili wa mpera ulivunjika nikiwa nimefika sentimita 50. Niliona kwamba karibu na fundo la mkono wa kushoto palikuwa pamenyooka kuliko pengine, nikajisemea nitavuta kidogo zaidi nione vizuri. Nilisikia mlio mmoja mdogo, kama kibiriti kinapowashwa. Nikaacha kuvuta, lakini nilikuwa nimechelewa. Kipande cha nchani kiligonga mlango na kuacha alama ambayo bado ipo. Tangu siku hiyo sivuti upinde bila kamba ndefu, na wanafunzi wangu wote wanakaa kule nilipo mimi, si pembeni ya ukuta.

Kazi hii kwangu inachukua siku nne au tano, saa mbili mbili. Jicho likichoka linadanganya. Nikianza kuona mikono yote iko sawa wakati saa moja iliyopita haikuwa sawa, nazima taa.

Nimeona mistari midogo tumboni. Ni nini?

Kama inakatiza tumbo, na inafanana na makunyanzi ya ngozi, nyuzi za pale zimebanwa hadi zikajikunja. Mahali hapo ni pembamba mno au mti haukukauka. Punguza sehemu nyingine zote ili mzigo uhame. Upinde utakuwa mwepesi zaidi kuvuta, lakini utaishi.

Upinde wenye nguvu kiasi gani unafaa kwa anayeanza?

Mtu mzima, kilo 11 hadi 14. Najua vijana wanataka 25. Anayeanza na uzito asiouweza anajifunza kutetemeka, na tabia hiyo haimtoki.

Mti umepinda kidogo upande. Nitaunyoosha?

Ndiyo, kwa mvuke. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa, laza sehemu iliyopinda juu yake, funika kwa gunia lililolowa, subiri dakika 40 hadi saa nzima. Kisha uubane haraka kwenye ubao ukiwa umezidisha kidogo upande wa pili, kwa sababu utarudi kidogo. Uache umebanwa siku mbili na usiuvute kwa wiki moja, umeongezewa maji. Mpera unakubali mvuke kwa upole sana, ni moja ya sifa zinazonifanya niupende.

Upote, yaani kamba ya upinde, nitumie nini?

Kano za mnyama ndizo za jadi. Katani inafaa kwa upinde mwepesi, ila ikianza kuchakaa inakatika bila taarifa. Nailoni ya nyavu ni imara lakini inavutika, mshale unatoka umelegea. Mimi natumia uzi wa poliesta wa mafundi viatu, nausokota kwa mafungu mawili yanayopingana, naupaka nta ya nyuki. Uzi mmoja mmoja upime kwanza: funga kitu chenye uzito unaojulikana, ongeza hadi ukatike. Upote mzima uweze kubeba angalau mara nne ya nguvu ya upinde.

Upinde ukishafungwa upote, umbali kati ya mshikio na upote uwe ngumi moja na kidole gumba kikiwa kimesimama, kama sentimita 15 au 16.

Mimi niko Kigoma. Naweza kupaka mawese?

Mawese ni ya mboga. Hayakauki juu ya mti, yatabaki yanashika vumbi na kuvutia panya. Paka vanishi tabaka tatu nyembamba, au nta iliyoyeyushwa ikasuguliwa kwa kitambaa chenye joto, ambayo utairudia kila baada ya miezi michache.

Na kwa kuwa umetaja Kigoma: rafiki yangu mmoja alichukua upinde wangu wa kilo 16, akapanda nao treni hadi Kigoma, akakaa nao karibu na ziwa msimu wa mvua. Aliponipigia alisema umelegea, unasoma kilo 14. Haukuharibika. Mti unavuta unyevu wa hewa inayouzunguka, na hewa ya kando ya Tanganyika si hewa ya Tabora mwezi wa Septemba. Ukiishi huko, ukaushie huko na usawazishie huko, na upake vanishi bila kuruka mahali.

Miti mingine ya uani je?

Mlimau na mchungwa ni migumu na inafaa, shida ni kupata kipande kirefu kilichonyooka. Mkwaju ni mzuri ila unachosha kuchonga. Mwembe, pamoja na kwamba Tabora ni mji wa miembe, usijaribu: wangu ulibaki umekunjama tangu mvuto wa kwanza. Mkaratusi una nyuzi zinazojisokota mara nyingi. Mpingo ni mzito mno nchani, na mti unaokua polepole vile mimi sioni haki kuukata kwa ajili ya upinde.

Na mishale?

Hiyo inahitaji ukurasa wake. Kwa sasa: vijiti vya mkole vilivyonyooka au mianzi myembamba, vyote vya unene mmoja na ugumu mmoja. Mshale hujipinda kidogo unapoupita mshikio, na mishale yenye ugumu tofauti itakwenda sehemu tofauti hata kama umelenga vile vile.

Naweza kuwindia?

Hapana, si bila leseni. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mlango wa pembeni kwa mwenye upinde. Mimi naweka kiroba kilichojazwa matambara, mita 15, na ukuta wa udongo nyuma yake. Watoto wasikae upande ule kamwe, hata kuokota mishale, hadi kila upinde uwe chini.

Nifanye nini usiharibike?

Usiuachie upote bila mshale, nguvu yote inarudi mwilini mwa upinde. Ukimaliza kupiga, fungua upote. Uning'inize umelala juu ya misumari miwili, usiuegemeze pembeni ya ukuta. Usiuache ndani ya gari juani.

Umevunjika. Nimekata tamaa.

Usitupe vipande. Vikusanye, viunganishe juu ya meza, utafute mahali palipoanzia. Ukianza mgongoni, ulikata nyuzi au kulikuwa na fundo. Ukianza tumboni, mti ulikuwa mbichi au mwembamba. Ninavyo vipande vya pinde tisa kwenye boksi, kila kimoja kimeandikwa tarehe na sababu, na huwa navitoa kabla ya kuanza upinde mpya. Kipande kirefu kilichobaki kinatoa mpini mzuri wa nyundo.

Mpera niliokata utakufa?

Hautakufa, ukikata kwa msumeno mkali na ukaacha kisiki kirefu kama goti. Kile cha bibi jirani kilichipua mvua za kwanza za Novemba, machipukizi kumi na moja nilipohesabu. Kwa ruhusa yake niliyapunguza yakabaki matatu, na kila mwezi napita kukata vitawi vya pembeni vikiwa bado laini kama mboga, ili visije vikawa mafundo. Moja limeshafika unene wa mpini wa jembe. Bibi amelifunga kitambaa chekundu, watoto wasilipande.